Sura ya Sita: Nyumba Iliyofungwa na Masika

Miongozo mingi ya kutunza nyumba isiyo na watu imeandikwa katika nchi za baridi kali. Huko, mwenye nyumba anayesafiri majira ya theluji ana hofu moja kubwa, nayo ni maji yaliyobaki ndani ya mabomba. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Bomba halina pa kutanukia, hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba nzima huogelea. Ndiyo maana wao hukausha mabomba, huziba kila upenyo na kuifunga nyumba kama chupa. Kwa Helsinki au Toronto huo ni ushauri mzuri kabisa. Ukiuleta Kariakoo, Gerezani au Upanga, ukaufuata mwezi Februari kabla ya kuondoka, utaikuta nyumba yako Juni imeoza. Adui wa nyumba tupu ya Dar es Salaam hatoki ndani ya bomba. Hushuka kutoka juu, hupanda kutoka ardhini, na hukaa hewani akisubiri mahali pasipopita upepo. Nitakachokitetea katika sura hii ni kwamba nyumba yenye watu hutengenezwa kila siku na wakazi wake bila wao kujua, na kwamba kuiandaa nyumba tupu kwa masika ni kutafuta namna ya kuifanya kazi hiyo wakati mkazi hayupo. Kufuli halifanyi hata robo yake.

Nyumba tupu si jambo geni katikati ya jiji. Zipo za urithi ambazo warithi hawajakubaliana, zipo za wazee waliohamia kwa watoto wao Goba au Chanika, zipo zinazosubiri mnunuzi, na zipo za watu wanaofanya kazi Muscat au London ambao wamemwachia ndugu ufunguo. Mara nyingi huzitambua kwa kutu ya kufuli na kwa maandishi makubwa ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo yanaonyesha mwenye nyumba anamwogopa nani. Anamwogopa tapeli atakayejifanya dalali, na ana haki ya kumwogopa. Lakini tapeli anahitaji karatasi, mashahidi na mnunuzi mwenye haraka, ilhali mvua haihitaji chochote, na huja kila mwaka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hudharau wingi wa maji yanayoangukia paa moja. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, katika misimu miwili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Aprili ndio mwezi mzito, na kwa kawaida peke yake huleta zaidi ya milimita 200. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida ya Kariakoo, yenye paa la mita 10 kwa 15. Mvua ya milimita 50, ambayo Aprili inaweza kunyesha kwa usiku mmoja, huliangushia paa hilo lita 7,500, yaani matangi saba na nusu ya lita elfu moja. Maji hayo yote lazima yashuke mahali fulani. Mfereji wa bati ukiwa mzima yataenda mtaroni. Ukiwa umejaa majani ya mwarobaini na mifuko ya plastiki iliyopeperushwa na upepo, yatafurika kinyumenyume, yatapita juu ya ukuta chini ya bati na kuteremka ndani. Nyumba yenye watu ingepiga kelele usiku huohuo: mtoto angelowa kitandani, ndoo ingewekwa, asubuhi kijana angepanda juu kuzibua. Katika nyumba tupu maji hayo hushuka Machi nzima, Aprili nzima na Mei nzima, na hakuna anayelowa isipokuwa nyumba yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya paa ifanywe mwanzo, na ifanywe Januari au Februari, katika kiangazi kifupi kati ya vuli na masika. Si suala la kuwahi tu. Lami na gundi za kuzibia matundu hazishiki bati lenye unyevu, na fundi anayeziba tundu Aprili kati ya mvua mbili anakuuzia matumaini. Akipanda, asitazame mabati peke yake. Matundu mengi hayako katikati ya bati bali kwenye misumari: mpira au lami chini ya kichwa cha msumari hukauka kwa jua, msumari hulegea, na hewa ya chumvi kutoka baharini hula kingo za tundu mpaka likawa pana kuliko kichwa chenyewe. Msumari uliolegea una hatari nyingine, ya upepo. Tulizoea kuamini kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, ingawa Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kisha mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na pwani nzima ikakumbushwa kwamba masika yanaweza kuja na upepo wa kung'oa paa. Upepo huanza na bati moja lililoachia pembeni, huingia chini yake, na kufunua mengine yaliyofuata. Msumari mpya mwezi Februari ni kazi ndogo. Paa lililofunuliwa katika nyumba isiyo na mtu ni masika mazima yanayonyeshea kenchi, dari na kuta za ndani ambazo hazikujengwa ili zilowe.

Jambo la pili, ambalo naliona muhimu kuliko yote na ndilo linalosahaulika zaidi, ni hewa. Katika masika hewa ya Dar es Salaam hujaa unyevu. Asubuhi nyingi inakaribia kushiba kabisa. Nyumba yenye watu huukabili unyevu huo bila mpango wowote: milango hufunguliwa alfajiri, mapazia hupeperuka, feni huzunguka, magodoro huanikwa jua linapochomoza, na zamani moshi wa kuni kutoka jikoni ulikuwa ukikausha boriti na kuwafukuza wadudu wanaobungua mbao. Funga nyumba hiyo kwa miezi mitatu, ziba matundu ya hewa kwa matambara na madirisha kwa mbao, na unyevu ulioingia hautatoka. Ukungu huanza nyuma ya makabati na chini ya magodoro, hupanda kwenye nguo, kisha kwenye dari. Mlango wa mbao huvimba mpaka haufunguki. Mchwa, ambao hawapendi mwanga wala kusumbuliwa, hupata giza, unyevu na utulivu vyote kwa pamoja.

Waliojenga Kariakoo walilijua hili. Mtaa huo ulipimwa viwanja kwa mistari iliyonyooka tangu mwishoni mwa utawala wa Wajerumani, ukachukua jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916, na miaka ya 1920 ukajaa nyumba za Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma. Ukumbi ule haukuwa njia ya kupita tu. Mlango wa mbele na mlango wa uani hutazamana, na yote miwili ikiwa wazi upepo hupita nyumba nzima kama unavyopita kwenye bomba. Katika nyumba nyingi za aina hiyo kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, na hewa ya moto ikapata njia ya kutokea juu. Nyumba hizo za miti na udongo, na baadaye za mawe na matofali, zilidumu miongo mingi, na sababu mojawapo ni kwamba vyumba sita vilikuwa na kaya sita na macho mengi. Kuta za udongo zilizopakwa chokaa ziliweza kunyonya unyevu na kuutoa. Baadaye wengi walizipiga plasta ya saruji wakidhani wanaziimarisha. Saruji ikaufungia unyevu ndani, na udongo ukaanza kuoza nyuma ya uso unaoonekana mzima. Ukiwa na nyumba ya namna hiyo na sasa haina mtu, gonga ukuta kwa vidole kabla ya kuondoka. Unapolia utupu, ondoa plasta sehemu hiyo, acha ukuta ukauke, kisha urudishie chokaa.

Hapa najua pingamizi litakalokuja: ukiacha nyumba ipumue, mwizi ataingia. Ni pingamizi la kweli. Katika eneo lenye watu wengi kama Kariakoo, dirisha lililo wazi ni mwaliko. Lakini kupumua si kuwa wazi. Matundu ya hewa juu ya madirisha yanaweza kuwekewa nondo na wavu wa chuma na bado yakapitisha upepo. Milango ya vyumba vya ndani inaweza kuachwa wazi, na kwa kweli iachwe wazi, maana hakuna mwizi anayezuiwa na mlango wa chumba baada ya kuupita wa mbele. Makabati yafunguliwe, magodoro yasimamishwe mbali na ukuta, friji ichomolewe na mlango wake uzuiwe kwa kigingi usijifunge. Hakuna hata moja kati ya haya linalompa mwizi kitu. Na mwizi, akiingia, atachukua televisheni, wala haozeshi nyumba.

Chini ya miguu nako kuna kazi. Ardhi ya katikati ya jiji iko chini, ina bahari upande mmoja na Bonde la Msimbazi upande mwingine, na masika maji ya ardhini hupanda. Mashimo ya vyoo na makaro ambayo Januari yalionekana yana nafasi hujaa Aprili kwa maji yanayoingia kutoka pembeni, na nyumba inaweza kufurika uchafu ambao hakuna aliyeutoa. Karo linyonywe kabla ya msimu, mifuniko ya chemba iwe mizima, na mtaro wa mbele uzolewe mchanga mpaka sakafu ya saruji ionekane. Ndani, mabakuli ya vyoo na mikondo ya bafuni huwa na maji kidogo yanayozuia harufu na mende kupanda. Maji hayo hukauka yasipotumiwa kwa wiki kadhaa. Vijiko vichache vya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo huchelewesha kukauka. Ni jambo dogo, lakini anayerudi baada ya miezi mitatu atalishukuru.

Kuna maji mengine yanayoniogopesha zaidi, nayo ni yale masafi yaliyotuama. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeieneza hazaliani kwenye mabwawa mapana. Anapenda ndoo, tairi, kopo, mfereji wa bati uliopinda na tangi lisilo na mfuniko. Yai hadi mbu kamili huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi. Na kuna jambo ambalo watu hawalijui: mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Kwa hiyo kumwaga tangi hakutoshi. Lisuguliwe, likaushwe, lifunikwe. Mbu mwingine, yule wa usiku anayejaa kwenye mashimo ya vyoo na makaro, alipatiwa dawa ya ajabu huko Makunduchi, Unguja, katika miaka ya 1980: watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki zinazoelea, za aina ile inayotumika kufungashia vitu visivunjike, zikafunika uso wa maji chooni, na viluwiluwi vikakosa pa kupumulia. Tabaka lile lilidumu kwa miaka, na mbu wakapungua mno. Kwa shimo la nyumba isiyo na mtu, ambalo hakuna atakayelinyunyizia chochote, sijui njia rahisi kuliko hiyo. Nyumba tupu yenye tangi wazi haimdhuru mwenyewe aliyeko mbali. Inawadhuru majirani, na kwa sababu hiyo sikubali kwamba ni jambo la faragha la mwenye mali.

Haya yote yakishafanywa, bado hayatoshi, na sababu iko ndani ya methali tunayoirudia bila kuisikiliza. Tunaambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inamsema mtu aliyeuona ufa akaupuuza. Katika nyumba iliyofungwa hakuna wa kuuona. Kwa hiyo maandalizi yanayozidi yote ni mtu: mmoja, anayejulikana kwa jina, mwenye ufunguo na ratiba. Afike siku inayofuata mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu siku hiyo nyumba huonyesha siri zake zote: doa jipya kwenye dari, mstari wa udongo wa mchwa ukutani, mabawa ya kumbikumbi kwenye sakafu. Baada ya hapo afike kila wiki mbili, afungue mlango wa mbele na wa uani kwa saa mbili tatu, kisha afunge. Mpe mita mbili za kusoma. Koki kuu ya maji ikifungwa kabla ya mita ya DAWASA au baada yake, namba zisisogee. Zikisogea, kuna bomba linalovuja au mtu anayechota. Swichi kuu ya umeme ikizimwa, uniti za LUKU zibaki zilivyo. Na usiache LUKU bila kununuliwa kwa mwaka mzima kwa kuwa hakuna anayewasha taa: tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia mita hizo, na nyumba isiyonunua umeme hulimbikiza deni litakalokatwa siku utakaponunua.

Wapo wanaoogopa kumpa mtu ufunguo kuliko wanavyoogopa mvua. Wamesikia juu ya mlinzi aliyegeuka mwenye nyumba, na wamesikia juu ya miaka 12 ambayo Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 inaiweka kwa madai ya ardhi. Hofu hiyo inastahili jibu la sheria. Mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye mali ni mwalikwa, na mahakama zetu zimeshikilia kwamba mwalikwa hawezi kugeuka mmiliki kwa kukaa muda mrefu tu. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja inayosema anaishi au anatunza kwa idhini yako, isainiwe mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Anayestahili kuogopwa ni yule asiyealikwa, na huyo huchagua nyumba ambayo mtaa mzima unajua kwamba hakuna anayefika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la biashara. Kariakoo, wanasema, mali ni kiwanja. Nyumba ya zamani ni kifusi kinachosubiri ghorofa, na shilingi inayotumika kwenye paa lake imetupwa. Kwa bei ya soko wana hoja, sitaikana. Lakini hesabu yao inasahau muda na watu. Kati ya kufunga nyumba na kuiuza hupita masika mawili, matatu, wakati mwingine kumi, kwa sababu mirathi huchelewa na ndugu hutofautiana. Katika miaka hiyo ukuta uliolowa haumsubiri mnunuzi. Na nje ya ukuta huo, barazani, kuna mama anayeuza maandazi na kijana aliyepanga viatu. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 halikuwa nyumba tupu, wala silitaji kama kazi ya masika. Nalitaja kwa sababu lilimwonyesha kila mtu nchini jinsi watu wanavyoishi na kufanya kazi karibu na kuta katika mitaa ile. Anayeamini kwamba nyumba yake ni kifusi, basi aibomoe kwa kibali na azungushe uzio. Kuiacha isimame ikioza si akiba.

Kwa nyumba za urithi kuna mwenye wajibu, hata ndugu wakiwa hawasemeshani. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ana kazi ya kuitunza mali mpaka igawiwe, na gharama ya kuziba paa ni gharama halali ya mirathi. Atunze risiti, awaonyeshe warithi wote. Kama bado hajateuliwa msimamizi, ndugu mmoja aanze na mfereji wa bati na tangi, kazi ambazo hazihitaji idhini ya mahakama.

Sina dawa kwa nyumba zilizo bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, yakaifunika Jangwani, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Pale Msimbazi unapopita, hakuna lami wala msumari utakaozuia mto, na nyumba tupu iliyopo humo itolewe vitu vyote vya thamani, umeme ukatwe, na pasiachwe mlinzi alale ndani.

Kwa nyumba nyingine zote, kazi niliyoieleza ni ya siku nne au tano za fundi na mtu mmoja mwaminifu. Mvua za masika jijini kwa kawaida huanza kukolea katikati ya Machi. Kama una nyumba iliyofungwa na unasoma haya kabla ya hapo, mpigie leo yule mwenye ufunguo, na umuulize lini aliufungua mlango wa uani mara ya mwisho.